Waliyoandika Kuhusu Gesti ya Mama Blessing

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani husikia mengi. Mtu akisimama apimwe kiuno anakuambia mambo ambayo mchungaji wake hajawahi kuyasikia. Lakini haya ya Aida Siwale sikuyasikia kwa mtu. Banda langu na gesti yake vilitenganishwa na mtaro na ubao mmoja wa kuvukia, na ubao ule niliukanyaga kila siku kwa miaka minane, nikienda kuomba chumvi, kurudisha bakuli, au kukaa tu. Leo ukiuliza hapa Tunduma watakuambia alikuwa mama mzuri sana. Wanasema hivyo kwa kuwa gesti haipo tena. Ilipokuwepo, na walipotakiwa kufungua midomo, walifumba, na nitawataja waliofumba.

Tulimwita Mama Blessing, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa akisoma Mbeya mjini. Mume alishafariki. Gesti ilikuwa ya vyumba sita, matofali ya kuchoma, choo cha nje, bafu la ndoo. Televisheni hakuna, feni hakuna. Lakini madereva wa malori waliziacha gesti za vigae wakaja kwake, na sababu ilikuwa foleni.

Kwa asiyeijua foleni ya Tunduma ya miaka ile: malori yalipanga mstari mpaka nje ya mji kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na dereva angeweza kukaa siku tatu, nne, hata wiki. Halali vizuri, kwa sababu mstari ukisogea yeye akiwa kitandani, wa nyuma wanamzunguka na kumpita. Mama Blessing aliliona hilo mapema. Kila alfajiri, tena saa nne, tena alasiri, alivaa kandambili zake akaitembea foleni yote kwa miguu, namba za magari ya wageni wake ziko kichwani. Ukikaribia kufikiwa, anarudi kugonga mlango. "Baba, amka, mbele yako yamebaki kumi na mawili." Basi. Hakuna mwingine aliyefanya kazi hiyo mji mzima, na wengine walimcheka kwa kuifanya.

Madereva wana kundi lao la Facebook, linaitwa Wazee wa Steling, yaani wa usukani, la njia ya Dar mpaka Lubumbashi. Humo wanaambizana wapi barabara imekatika, wapi kuna chakula kizuri, wapi pa kulala. Mwaka 2012 mmoja aliandika: "Tunduma lala kwa Mama Blessing, utaamshwa." Wengine wakaongeza ya kwao chini yake, na tangu siku hiyo vyumba sita havikutosha. Baadaye wageni waliozidi aliwaelekeza kwa Eva.

Sasa huyu Eva. Ni mtoto wa mama yake mdogo. Mama mdogo alifariki Eva akiwa na wiki tatu, na mama yake Aida, Mama Enesi wa Ndalambo, akamchukua. Aida wakati huo alikuwa bado ananyonya. Aliachishwa ziwa siku hiyohiyo ili Eva apate kunyonya. Wakakua kitanda kimoja, Eva akaolewa ng'ambo, Nakonde. Kwetu huku ng'ambo si mbali. Watu wanavuka asubuhi kwenda msibani na jioni wako kwao.

Mwaka 2013 Eva alifungua nyumba ya wageni Nakonde, vyumba vinne. Mama Blessing alimpa vitanda viwili, akamfundisha kufua blanketi za wageni, na akaniagiza mimi mashuka manane ya kitambaa kimoja, cha bluu chenye ndege wa njano: sita yake, mawili ya Eva. Hapo nilikosea kukata. Kitambaa kilinipungukia kwenye mawili ya mwisho, nikaunga kipande kwenye kona, na kwa haraka nikaunga vibaya, ndege mmoja akawa na kichwa chake na mkia wa ndege mwingine. Niliona aibu kumpa mwenye mali mashuka ya viraka. Nikampa yale sita mazima, na hayo mawili nikamkabidhi Eva mwenyewe mkononi, nimeyakunja kona ikiwa ndani. Sikumwambia mtu.

Oktoba 2014 alikuja Clever, dereva wa Kitwe, mgeni wa miaka mingi. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni amevua kofia.

"Bamayo," akasema, kama wanavyomwita mama kwao, "kuna kitu nimeona kwenye simu. Si kizuri. Nimeona bora nikuoneshe mimi."

Mama Blessing alinipigia kelele nije nimsomee, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Aliyeandika alijiita Msafiri Mkweli, na picha yake ilikuwa lori jekundu tu, bila uso. Aliandika hivi: "Wazee, msidanganywe na Mama Blessing wa Tunduma. Kunguni tele. Nimelala siku mbili nimeibiwa simu na paspoti. Yule mama hazunguki kwenye foleni kwa kuwahurumia. Anahesabu magari awape taarifa wezi. Oneni picha." Picha nilipitisha macho tu, kioo cha simu ya Clever kilikuwa kimepasuka katikati. Niliona godoro lililochanika na kitu cha bluu.

Nilipomaliza kusoma, Mama Blessing aliniomba nirudie pale pa foleni. Nikarudia. Ya kunguni hakuyajali, alisema aje yeyote apekue. Lile la foleni ndilo lililomkalia kifuani. Kile kitu kizuri alichokifanya kwa miguu yake mwenyewe kilikuwa kimegeuzwa kuwa wizi, na aliyekigeuza alijua pa kushika.

Kesho yake aliitembea foleni kama kawaida. Nilikuwa nimekwenda dukani kununua nyuzi, nikamwona. Madereva walipandisha vioo. Mmoja, kijana ambaye alikula ugali kwake mwezi uliopita, alishuka akasimama mbele ya gari lake mikono kiunoni. "Mama, rudi tu nyumbani," akamwambia. Alirudi. Hakuitembea tena.

Mambo haya yakanipandisha hasira, na mimi nikipandwa na hasira huwa najiona nina akili. Wazo la kwaya lilikuwa langu, silikatai. Nilisema: kama mtu mmoja kaandika uongo, sisi tutaandika ukweli watu kumi na mmoja. Jumapili baada ya ibada nikawakusanya wanakwaya wenzangu nje ya kanisa, wote tuko ndani ya sare yetu ya kitenge cha zambarau, nikawaeleza. Mimi nilikuwa na simu ya kitochi tu, isiyo na intaneti, kwa hiyo Tabita, mwenye sauti ya kwanza, aliandika yake halafu akaniandikia na yangu kwenye simu yake. "Bwana asifiwe. Mimi Ruti nimelala mara nyingi kwa Mama Blessing, ni pasafi na pana amani." Wengine wakaandika ya kwao, na kila mmoja alianza na Bwana asifiwe, na kila mmoja alisema amelala.

Hakuna aliyejiuliza mwanamke mwenye mume na nyumba Tunduma analala gesti ya Tunduma kufanya nini. Hakuna. Wanawake kumi na mmoja waliookoka, wenye akili zetu timamu.

Kabla hatujamaliza kula mchana, mtu alishaandika: "Kwaya nzima inalala gesti? Mchungaji anajua?" Wakacheka mamia kwa mamia. Picha za akaunti zetu, kitenge cha zambarau kimoja baada ya kingine, zikapigwa skrinshoti zikaenda mpaka Makambako. Jonasi, mume wa Tabita, alioneshwa picha hizo gereji akiwa chini ya gari. Alirudi nyumbani na mafuta mikononi akamuuliza mkewe ni siku ipi, na alikuwa na nani. Mchungaji alitusimamisha kuimba mwezi mzima. Hayo tungeyabeba. Lakini kulikuwa na dereva mmoja aliyeandika kwa upole kabisa: "Mimi nilikuwa simwamini huyo Msafiri. Ila mtu asiye na kosa atapangia watu uongo wa nini?" Huyo ndiye aliyemmaliza Mama Blessing, na kalamu nilimpa mimi.

Vyumba vikakauka. Siku nyingine alilaza mgeni mmoja, siku nyingine hakuna. Madereva waliobaki na huruma walimuuliza waende wapi, naye akawaelekeza kwa mdogo wake, ng'ambo, wasije wakalala kwenye gari. Eva alikuwa anakuja mara tatu kwa wiki. Alimfulia. Alimpikia. Alikaa naye kwenye ngazi amemshika mkono, analia zaidi yake. "Dada, muachie Mungu," alisema. "Mtu aliyekufanyia hivi hatafika mbali." Nilimsikia kwa masikio yangu, nikamwona ana moyo kuliko mimi.

Mwisho wa Novemba Clever alirudi kutoka Kongo na simu mpya, kubwa. Alikuja kwangu kupimwa suruali. Tukaongelea yaleyale.

"Mimi, fundi, siwezi kusema ni uongo wote," akasema. "Nimelala kwake. Shuka la kwenye picha ni lake. Hakuna gesti nyingine Tunduma yenye ndege hawa. Ndiyo maana wenzangu wanaamini."

Nikamwomba nione. Akaivuta picha kwa vidole ikawa kubwa. Godoro limechanika, kunguni wapo kweli, na shuka limefunuliwa pembeni. Bluu, ndege wa njano. Na pale konani kuna mshono, na ndege wangu yule mwenye mkia usio wake.

Niliiweka futi ya kupimia mezani. Sikumwambia Clever kitu. Nilivuka kwa Mama Blessing nikamkuta anachambua mchele, nikamweleza yote, hata lile kosa langu la kukata. Hakuelewa mara moja. Akaniuliza kama nina hakika ni mkono wangu. Nikamwambia mtu hasahau alipoharibu kitambaa.

"Eva huyu?" akauliza.

"Mwingine ni nani aliyepewa?"

Aliweka ungo chini. "Jana kanikanda mgongo," akasema. Mimi nikakaa pale sijui pa kuweka mikono. Sijawahi kumwona mtu anaumia namna ile bila kutoa chozi.

Alikwenda Nakonde siku hiyohiyo, akarudi kabla chai haijapoa. Eva alimwambia mbele ya wageni wake kwamba mashuka yalichakaa akayagawa zamani, na kwamba mtu akikosa wateja anaanza kutafuta mchawi kwenye ukoo. Kwa hiyo Mama Blessing akaomba kikao nyumbani, Ndalambo, kwa mjomba wao Sadoki. Akaniomba niende niseme nilichokiona.

"Sitaki alipe, sitaki apigwe," aliniambia. "Nataka aandike palepale alipoandika, kwa jina lake, kwamba nilikuwa siibi. Basi. Halafu akitaka aendelee kuwa mdogo wangu."

Tulikwenda Jumamosi ya Desemba, mvua imeanza, watu wamerudi kutoka kupanda mahindi miguu ina udongo. Blessing alikuwa likizo, tukaenda naye. Eva alifika kabla yetu, amekaa mkekani miguuni pa Mama Enesi kama mtoto. Mjomba Sadoki alisema tusubiri wazee wawili. Wakati tunasubiri, Mama Enesi alisimama taratibu, akaniita nimsaidie sufuria jikoni.

Sufuria haikuhitaji msaada. Maharage yalikuwa yanachemka yenyewe. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu Ruti," akasema, "nimeshaambiwa unachokuja kusema. Sikuulizi kama ni kweli. Mdogo wangu aliniwekea yule mtoto mapajani, akafa. Ukisema, Eva hatakanyaga hapa tena mpaka nizikwe. Namjua. Aida ni mtu mzima, Aida anavumilia tangu mdogo. Usinipotezee mtoto kwa ajili ya shuka."

Ningemjibu. Nilikuwa na majibu, mimi huwa sikosi. Lakini mikono ya yule bibi haikuuachia mkono wangu. Na nisijisafishe: binti wa Eva alikuwa anaolewa Januari, sare za harusi alizishonesha kwangu, vitambaa arobaini vimeshakatwa, viko bandani. Huruma ilikuwepo, ila hilo nalo lilikuwepo. Nikasema, "Nimekusikia, mama."

Kikao kikaanza. Mama Blessing alieleza kwa ufupi, bila matusi, akamaliza kwa kusema fundi yuko hapa, yeye ndiye anayejua shuka lipi alimpa nani. Mjomba Sadoki akanigeukia. Alikuwa na Biblia kwenye goti.

"Fundi, wewe si wa ukoo, huna sababu ya kupendelea. Shuka la kwenye picha unaweza kuapa ni lile ulilompa Eva?"

Niliangalia chini. Kulikuwa na sisimizi wanahama, wamebeba mayai.

"Mashuka yale yanafanana, mjomba," nikasema. "Siwezi kuapa."

Mama Enesi alishusha pumzi. Sikumtazama Mama Blessing, lakini nilijua ananitazama, upande wote ule wa uso wangu uliwaka moto. Mjomba Sadoki alisema kama ni hivyo basi jambo liko wazi: ndugu amemsingizia ndugu yake jambo baya, tena ng'ambo, mbele ya watu. Kwa hiyo mkubwa amwombe radhi mdogo hapahapa, kikao kifungwe, watu wale.

Mama Blessing alisimama, nikafikiri atatoka. Halafu akapiga magoti kwenye udongo mbichi mbele ya mwanamke ambaye yeye aliachishwa ziwa kwa ajili yake, akapiga makofi ya heshima mara mbili kama tunavyofanya kwetu, akasema, "Nisamehe, Eva." Eva akamwinua, akamkumbatia, akalia kwa sauti. "Nimekusamehe, dada, mimi nimeshasahau." Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilipiga. Tukala maharage yale.

Maandishi ya Msafiri Mkweli hayakufutwa. Kila baada ya wiki mbili tatu mtu mgeni aliyakuta akayasambaza upya, na kila mara chini yake kulikuwa na kwaya yetu. Kufika Pasaka ya 2015 Mama Blessing alishasalimu amri. Vyumba vikakodiwa na wafanyabiashara wa dagaa wa kuhifadhia magunia, na yeye akafungasha kwenda Mbeya kuuza mboga karibu na shule ya binti yake. Miezi yote ile alinisalimia kila asubuhi. Alinisalimia kama anavyomsalimia mtu wa mamlaka ya maji anayekuja kusoma mita.

Siku aliyokuwa anafunga mizigo sikuweza kuvumilia tena. Nilimfuata chumbani nikamwambia yote: jikoni, mikono ya mama yake, sare za harusi zile arobaini. Nikamwambia nitapanda gari kesho yake niende Ndalambo nikaseme mbele ya mjomba Sadoki, nami niape. Nilisema kwa moyo wote, na mpaka leo sijapanda hilo gari.

Hakukasirika. Aliendelea kukunja nguo za Blessing, anazipanga kwenye begi moja moja.

"Nilimwona mama akikuita jikoni," akasema. "Blessing alitaka kuwafuata, akaniambia mama, bibi anakwenda kumrubuni. Nikamvuta mkono akae. Nikamwambia, huyo ni Ruti."